Balozi wa nyumba kumi: chama kiliufinyanga mtaa, au mtaa ulikifinyanga chama?

#1 Mwana wa Shina

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma sosholojia. Juzi kanipigia simu usiku, hana raha. Wamepewa kazi ya kueleza namna jamii na siasa zinavyofinyangana, naye kajaza kurasa tatu za Marx na Weber bila kutaja mtu hata mmoja anayemjua kwa sura. Nikamwambia, wewe umezaliwa kwenye nyumba yenye mlingoti wa bendera mbele ya baraza, halafu mfano unaufuata Ujerumani?

Marehemu baba yetu alikuwa balozi wa nyumba kumi, Buguruni, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka vyama vingi vikamkuta. Kwa hiyo naandika nikijua kwamba nina upande. Msinisute.

Kwa waliozaliwa juzi: TANU, chama tawala cha wakati ule, ilianza kuwapanga watu katika mashina ya nyumba kumi kumi katikati ya miaka ya 1960, wakati ule ule nchi ilipokuwa inaingia kwenye chama kimoja kwa Katiba ya Muda ya 1965. Kila shina likawa na kiongozi. Kwenye makaratasi ni mjumbe, mtaani ni balozi. Juu yake tawi, juu ya tawi kata, kisha wilaya, mkoa, mpaka taifa. TANU na ASP ya Zanzibar zilipoungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, mashina yaliendelea kama kawaida. Kilichobadilika ni rangi ya kitambaa kwenye mlingoti.

Kazi zake zilikuwa kushusha maneno ya chama na serikali, kupandisha maneno ya watu, kukusanya ada na michango, kuwahimiza watu wajitokeze kwenye kazi za kujitolea, na kujua nani kalala kwa nani. Mshahara hakuna.

Ukiishia kwenye makaratasi utasema basi, siasa imeshuka mpaka mlangoni kuitengeneza jamii. Mimi nilikuwa nakaa barazani nikimenya mihogo, nikisikiliza. Mume kampiga mke. Mpangaji ana deni la miezi mitatu, mwenye nyumba kamtupia godoro nje. Mbuzi wa huyu kala mchicha wa yule. Binti ana mimba, kijana anaruka. Hao ndio waliokuwa wanabisha hodi. Sikumbuki hata siku moja aliyekuja kuomba afafanuliwe Azimio la Arusha.

Wala si Buguruni peke yake. Wanafunzi wa siasa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliwahi kuyachunguza mashina mwishoni mwa miaka ya 1960, wengi wao makwao, na jambo lililojirudia ni hilo hilo: muda wa balozi ulikuwa unaliwa na usuluhishi.

Kwa nini? Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu. Ukimwondoa mtu aliyekuwa anasikiliza kesi za mbuzi, kesi za mbuzi haziondoki naye. Mahakama ya mwanzo iko mbali, ina ada, na hakimu hamjui mwenye mbuzi wala mwenye mchicha. Chama kikaleta mtu wa kukisemea. Majirani wakamtazama juu mpaka chini, wakasema huyu huyu. Wakamtwisha kesi zao. Na kwa kumtwisha wakampa heshima ambayo kadi ya chama peke yake isingempa, na heshima hiyo chama kikaichukua kikaitumia kama yake.

Jambo la pili linanichekesha mpaka leo. Mwaka 1983 ulikuja msako wa Nguvu Kazi. Asiye na kazi inayotambulika Dar es Salaam ni mzururaji, apelekwe shamba. Mabalozi waliambiwa wataje wasio na kazi kwenye mashina yao. Baba aliandika orodha yake kwa mkono mzuri kabisa, maana alisoma kwa mapadri. Kila kijana wa shina letu alikuwa ni "mkulima, Kisarawe". Wawili kati yao nawafahamu vizuri. Hawajawahi kushika jembe tangu wazaliwe, mmoja alikuwa anauza karanga na sigara moja moja pale kituoni.

Kuna watu watasema huo ni udanganyifu. Mimi nauliza: hapo serikali ilikuwa wapi? Mwisho wa mkono wake kulikuwa na mtu ambaye kesho yake angehitaji hao hao vijana wamchimbie kaburi la mama yake.

Na msidhani kwamba alikuwa anafanya hivyo kila mara. Miaka ile ya mgao, sukari na sabuni vikigawiwa kwa orodha ya kaya, orodha ile ile ilikuwa ngumu kama jiwe. Mwenye wageni asiowataja hakupata sukari yao. Huko baba hakucheza, kwa sababu kila jirani alikuwa anahesabu vijiko vya mwenzake.

Kisha ikaja Julai 1992. Sheria ikaruhusu vyama vingi, na balozi akabaki kiongozi wa chama kimoja kati ya vingi. Kisheria barua ya utambulisho ni ya serikali ya mtaa. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo watu wa vyama vyote waliendelea kuja kwetu, wengine wamevaa fulana za upinzani, wanasimama chini ya bendera ya kijani: "Mzee, nisainie, mwenyekiti hawezi kunipokea bila jina lako."

Naomba kuwasilisha. Nataka kusikia na wa kwingine, maana naambiwa neno hili limevuka mipaka.

#2 Kijiwe Nongwa

Mleta uzi unapamba. Marehemu tunamwombea, lakini balozi alikuwa sikio la chama, basi. Unasema wasuluhishi, kwetu Tabora mjini mgeni akilala siku mbili bila kuripotiwa baba mwenye nyumba anaitwa. Mtu akisema redio imedanganya, kesho tawini wanajua. Mwaka 1975 chama kiliandikwa kwenye katiba kuwa ndicho kinachoshika hatamu. Mtu wa mwisho wa hizo hatamu ni nani kama si baba yako?

Na hiyo ya kusuluhisha ndoa ndiyo mbaya zaidi. Ina maana siri zako za chumbani anazo mtu wa chama.

#3 Mwana wa Shina

Kijiwe, sikatai. Anayejua nani mgonjwa ndiye anayejua nani anasikiliza redio gani. Jicho ni lile lile moja. Ninachosema ni kwamba jicho hilo lilikuwa kwenye uso wa jirani, na jirani ana haya. Polisi anayetoka kituoni hana haya na wewe.

Lakini hiyo ya siri za chumbani umenigusa. Nakumbuka kesi moja mama alimkataza baba asiipeleke tawini. Waligombana usiku kucha. Haikupelekwa.

#4 Bi Makorora

Hodi jamani. Nimesoma nikasema leo nichangie, mie mtu wa Tanga na umri umekwenda.

Kwanza mwanangu Mwana wa Shina, umetaja mama yako mara moja tu tena kwa ugomvi. Balozi wa kwetu alikuwa anatia saini. Anayejua nani kajifungua, nani hana unga, nani kafiwa, ni mkewe. Daftari la sukari alikuwa analishika mkewe, mzee hakuwa anaona vizuri. Utafiti wenu ukimhoji mzee mkamwacha bibi ndani anachambua mchele, mmehoji kofia.

Pili, mnazungumza kama vile chama kiliwakuta watu wamelala kikawaamsha. Nani alikisambaza hicho chama? TANU ilianzishwa Julai 1954. Mwaka uliofuata alikuja Mwingereza wa chama cha Labour, John Hatch, akawauliza wazee wa chama: wanawake wenu wako wapi? Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed. Bibi Titi alikuwa nani? Mwimbaji wa ngoma ya Bomba. Hakuanza kwa kugonga nyumba moja moja, aliwafuata viongozi wa ngoma, akina mama ambao tayari wana mwenyekiti wao, mweka hazina wao, sare zao, na mfuko wa kuzikana. Siku moja ukimpata kiongozi wa ngoma umepata wanawake mia. Chama kilipanda gari ambalo lilishawashwa zamani.

Na hizo ngoma nazo zilikuwa zimeshaonja siasa kabla ya siasa. Bibi yangu alikuwa akitusimulia ngoma ya beni na vikundi vyake viwili vilivyoshindana, Marini na Arinoti, watu wamejipa vyeo vya kijeshi vya Kizungu, kuna kapteni, kuna jenerali, mwenye heshima ya huku mtaani si lazima awe yule anayeheshimiwa bomani. Mzungu alicheka akidhani wanamuiga. Huko watu walikuwa wanajifunza kuchaguana, kushindana na kutunza hesabu.

Mkumbuke tena na mwisho wake. Azimio la Arusha la 1967 lilisema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Wanawake wa mjini walichokuwa nacho ni hicho, chumba cha kupangisha, maana ajira hatukupewa. Bibi Titi alikataa, akaachia nafasi yake. Azimio lilimlenga bepari, likaangukia na mama mwenye vyumba vitatu vya udongo.

#5 Kijiwe Nongwa

Shikamoo Bibi. Hiyo ya kofia nimeipenda, naiiba.

#6 Bi Makorora

Marahaba. Iibe, ila usiseme umeitunga.

#7 Mwana wa Likoni

Asalaam aleikum ndugu zangu wa ng'ambo ya pili. Mimi ni wa Mombasa, na sisi nyumba kumi tuliletewa kwa jina hilo hilo, kama nguo ya mtumba.

Baada ya shambulizi la Westgate, Septemba 2013, serikali ya Uhuru Kenyatta ikatangaza Nyumba Kumi, na mzee Joseph Kaguthi akawekwa kuisimamia. Walitazama Tanzania wakasema jirani wamelala usingizi kwa sababu wanajuana, na sisi tujuane. Hata wakasema si lazima ziwe kumi. Ghorofa moja yaweza kuwa kundi, soko laweza kuwa kundi.

Sasa tazama tofauti. Kwenu balozi alikuja mahali ambapo machifu wameondolewa. Huku chifu yupo. Cheo cha Mwingereza, kikarithiwa na Kenyatta wa kwanza, kikapita kwa Moi, hata Katiba ya 2010 iliyosema utawala ule urekebishwe ilimkuta na ikamwacha kitini. Chifu analipwa mshahara na Nairobi, ana ofisi, ana askari. Kesi ya mbuzi inakwenda kwa chifu au kwa mzee wa mtaa. Kwa hiyo mzee wa nyumba kumi akabakiwa na kazi gani? Moja tu, kuripoti. Ile nyama yote aliyoisimulia Mwana wa Shina haipo, umebaki mfupa.

Na kuripoti kwenyewe kwa nani? Pwani hii vijana walikuwa wanachukuliwa usiku na hawarudi. Ukipeleka jina la mtoto wa jirani, umempeleka wapi? Na upande wa pili nao hawana mchezo, kule Kwale wazee wa nyumba kumi wamewahi kuuawa kwa kushukiwa kupeleka habari. Nani atakubali kazi hiyo bila mshahara?

Juu ya hayo, mimi naishi kwenye fleti. Jirani wa mlango wa pili simjui jina, namjua kwa viatu vyake.

#8 Kijiwe Nongwa

"Namjua kwa viatu vyake." Mkuu umemaliza.

Lakini mnaona sasa? Kenya walipochukua kitu hiki wakakivua nguo, kilichobaki ndicho kilichokuwa ndani siku zote. Sikio.

#9 Mwana wa Likoni

La, hapo twatofautiana. Sikio bila mtu si sikio lile lile. Kwenu lilisikia mengi na likanyamaza mengi, kama hiyo orodha ya wakulima wa Kisarawe. Huku halisikii chochote kwa sababu hakuna anayeongea karibu yake.

#10 Bahari ya Kivu

Jambo kwenu wote. Mimi niko Goma. Sisi tuko na nyumba kumi mpaka leo, na tunasema hivyo hivyo, "nyumba kumi", hata mtu mwenye haongei Kiswahili cha kwenu. Iko chini ya shefu wa avenyu, na shefu wa avenyu iko chini ya shefu wa kartiye. Hana mshahara. Ukitaka karatasi ya kuonyesha unaishi wapi, ni yeye anaanza kusema "ndiyo, huyu namjua". Mwaka 2021 volkeno Nyiragongo ilipolipuka, mimi niliona wa kwetu na daftari anaandika nani nyumba yake imeungua. Watu walimzunguka wakiongeza majina ya watoto. Mambo ya sukari ya baba yako, ni hayo hayo.

Lakini nataka kusema ya Rwanda, maana hapa ni jirani na watu wengi wa hapa waliyaona. Huko pia kulikuwa na nyumbakumi, neno moja bila kukata, chini ya seli. Wakati wa Rais Habyarimana chama kilikuwa kimoja, MRND, na kila Mnyarwanda alizaliwa ndani yake. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, ngazi hiyo ya utawala, kuanzia prefe (mkuu wa mkoa), burugumesta (mkuu wa komini), mpaka chini kabisa, ilitumika kuita watu kwenye vizuizi na kujua nani anaishi wapi. Mtu mwenye anajua nani amelala kwa nani, anajua pia nani amefichwa kwa nani. Kuna wenye walificha watu. Kuna wenye walionyesha mlango.

Sasa ndugu Mwana wa Shina, unasema jirani ana haya. Huko pia walikuwa majirani.

#11 Mwana wa Shina

Bahari ya Kivu, nimesoma nikafunga simu nikatoka nje kidogo.

Nimerudi na sina jibu la kukutosha. Nitasema ninachokiona tu. Orodha ya majina haina tabia, inaazima tabia ya safu zilizochorwa juu yake. Vitambulisho vya Rwanda vilikuwa na kabila tangu enzi za Wabelgiji na viliendelea nalo mpaka 1994. Kwetu sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Daftari la baba lilikuwa na jina, kazi, idadi ya watu, mgeni. Serikali iliyochora safu hizo ilikuwa inawafundisha watu namna ya kutazamana, kila mwaka, bila hotuba. Ukifundishwa miaka sitini kwamba jirani yako kwanza ni kabila fulani, haya uliyonayo kwake inakuwa na mpaka.

Kwa hiyo nakubali nilikosea kusema haya ya jirani inatosha. Haitoshi.

#12 Ng'wana Shinyanga

Mmenigusa kwenye machifu nikashindwa kunyamaza.

Mnazungumzia kitu kilichotoka juu kikashuka. Usukumani na Unyamwezini kuna kilichotoka chini kikapanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na Uganda ya Idi Amin, silaha zilizagaa, ng'ombe wakawa wanaibwa usiku kwa bunduki. Polisi wachache, na wengine watu waliona hawafai kitu. Mabalozi walikuwepo tele, kila nyumba kumi. Hawakuzuia hata ndama. Ndipo wanakijiji wenyewe wakaunda Sungusungu. Upinde, mishale, filimbi, yowe moja likipigwa vijiji vitano vinatoka.

Angalieni walivyojipanga. Mkuu wao walimwita mtemi, cheo kile kile ambacho serikali ilikifuta 1963. Lakini pembeni ya mtemi kulikuwa na katibu, mwenye daftari na kalamu, kama tawini. Hakuna aliyewafundisha. Walichukua cheo cha babu na ofisi ya TANU wakavishona pamoja.

Serikali iligawanyika. Polisi na mahakama waliwakamata, chama kikawasifu. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa, Sungusungu wakatambuliwa. Na walipotambuliwa ndipo walipoanza kupoa. Leo sehemu nyingi sungusungu ni zamu ya ulinzi ambayo usipolala nje unalipa faini.

Msiniulize kama walikuwa wazuri. Waliadhibu watu bila kesi, na vikongwe waliotuhumiwa uchawi hawana la kuwashukuru.

#13 Mwaka wa Pili

Mimi ndiye mdogo mwenyewe. Shikamooni nyote. Kaka hakuniambia kama ananianika humu, sawa tu.

Nimejifunza zaidi ya nilichopata darasani, lakini nina shida mbili. Mwalimu atauliza nadharia iko wapi. Weber anasema mamlaka yana misingi mitatu: mazoea ya tangu enzi, haiba ya mtu, na sheria. Balozi naye nimuweke wapi? Pili, mabalozi wengi wa zamani wameshafariki, na wa sasa hivi sijui nianzie kuuliza nini. Nikimuuliza mtu "unamtii balozi?" atacheka.

#14 Mwana wa Shina

Dogo, usimuweke popote, hama naye. Alipoteuliwa alisimama kwenye sheria na kanuni za chama. Baada ya miaka kumi ya kesi za mbuzi alikuwa amesimama kwenye mazoea. Baba alipozeeka watu walimfuata kwa sababu ya yeye mwenyewe, na alipofariki mrithi wake, mwenye muhuri ule ule na bendera ile ile, hakupata mtu barazani. Mzee Weber mwenyewe alisema misingi hiyo huchanganyika, watu ndio wanaoigeuza kuwa makabati matatu.

La kuuliza: usiulize habari za utii. Uliza hivi, saa nane usiku mtu akikufia ndani, unamgongea nani kwanza? Na ukimaliza kumgongea huyo, wa pili nani? Andika majina. Kisha zunguka kwa hao waliotajwa uone wana cheo gani, kadi gani, deni gani kwa nani. Utauona mtaa ulivyosimama, na serikali imeshikilia wapi.

Na tazama vitu. Mwaka 2022 kabla ya sensa ya Agosti zilipita anwani za makazi, kila nyumba ikapata namba na mtaa ukapata kibao. Serikali sasa inaweza kuifikia nyumba bila kumuuliza mtu "kwa fulani ni wapi". Hiyo ilikuwa nusu ya kazi ya baba. Nani kaipoteza, nani kafaidika, mimi sijui, nenda kaulize.

#15 Kijiwe Nongwa

Ongezea na hili, dogo. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka mwaka 1991 kuuliza watu wanataka chama kimoja au vingi, kama asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi. Watu huwa wanaisifu Tume. Mimi huwa najiuliza, mikutano ile ya maoni, aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaita watu alikuwa nani? Sisemi aliwalisha maneno. Nasema mtu akiitwa na balozi kwenda kusema kama chama kimoja kinafaa, amekaa mkao gani?

Kisha uangalie uchaguzi wa serikali za mitaa. Ule wa 2019 CCM ilichukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, CHADEMA, chama cha upinzani, wamesusia. Daftari la wapiga kura wa mtaa huandikishwa peke yake, na swali la "huyu ni mkazi au si mkazi" hujibiwa na wanaowajua wakazi. Nani anawajua wakazi? Usiliruke hilo kwa sababu kaka yako anampenda baba yenu.

#16 Mwana wa Shina

Hajaliruka. Liandike dogo. Na mimi ningeliandika.

#17 Bi Makorora

Na akina mama usiwasahau. Nitakuja kukagua.

#18 Mwaka wa Pili

Wiki tatu zimepita, naleta mrejesho. Nimezunguka mtaa ninaopanga, huku Mbagala. Nimeuliza swali la saa nane usiku.

Wazee walitaja jirani wa ukuta kwa ukuta, kisha msikiti au jumuiya ya kanisani. Balozi alitajwa na wachache, na wote ni wenye nyumba zao, wapangaji karibu wote hawamjui. Mwenyekiti wa mtaa anatajwa, lakini asubuhi, kwa ajili ya kibali cha mazishi.

Jina lililonirudia mara nyingi kuliko yote sikulitegemea. Ni mama mmoja anauza maandazi kona ya barabara. Hana cheo chochote serikalini. Ni mwenyekiti wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana. Nikauliza kwa nini yeye. Nikaambiwa turubai liko kwake. Na viti, na masufuria makubwa. Kikoba kilinunua, yeye anavitunza stoo. Msiba ukitokea lazima umgongee, usiku usiku, la sivyo waombolezaji watakaa juani.

Nikaenda kwa balozi, mzee mzuri tu, ananikumbusha baba. Nikamuuliza turubai la mtaa lilikuwa wapi zamani. Akanionyesha kona ya uani pale kwake, pana magunia ya mkaa sasa. Akasema, "Lilikuwa hapo. Lilichanika, tukaandika barua tawini walete jingine. Bado tunasubiri." Nikauliza tangu lini. Akasema tangu wakati wa Mkapa.

#19 Bi Makorora

Sikuwaambia? Kofia na mchele.

#20 Kijiwe Nongwa

Dogo, huyo mama wa maandazi, wagombea wanamfuata?

#21 Mwaka wa Pili

Majirani wanasema uchaguzi uliopita walikuja wawili wa vyama tofauti, jioni moja, wakapishana pale kwenye karai la mafuta. Mmoja aliahidi viti hamsini. Nilipomuuliza mama mwenyewe yeye ana kadi ya chama gani, alicheka, akaniambia nishike upande wa pili wa turubai kwanza tulikunje, kuna wingu.